Masikio ya Kuazima

Mtaani kwao walimwita Fundi Vichwa, na mgeni akisikia jina hilo kwa mara ya kwanza husita kidogo kumpa mkono. Simlaumu mgeni. Lakini mtu huyu hakuwahi kumdhuru hata panya. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nakala za mafuvu kwa plasta, katika chumba cha nyuma cha chuo, kule wanakosomea wanafunzi wa anthropolojia. Jioni alirudi nyumbani kichwa kimejaa vumbi jeupe, na watoto wa jirani wakamwamkia mara mbili wakidhani amezeeka tangu asubuhi.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa dari. Ni wale mafundi wanaochonga ua la jipsamu katikati ya dari ya sebule, taa ikaning'inia hapo, na mwenye nyumba akawa anawaonyesha wageni juu badala ya kuwapa chai. Aliifanya kazi hiyo mpaka shingo ikagoma. Mtu anayetazama juu kutwa, miaka nenda miaka rudi, siku moja hugundua kwamba hawezi kuinama kufunga viatu. Ndipo jamaa mmoja akamdokeza kwamba pale chuoni wanamtafuta mtu mwenye mkono mwepesi wa plasta, na kazi yenyewe hufanywa umekaa. Hilo la kukaa ndilo lililomchukua. Habari ya mafuvu aliijua akiwa ameshakubali.

Siku ya kwanza alipokelewa na mkuu wa idara, mama mmoja mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Mifupa. Mwenyewe alilijua jina hilo na halikumkera. Fundi akamwuliza kwa adabu hiyo anthropolojia ni mdudu gani.

"Ni elimu ya kumwuliza binadamu, wewe ni nani," akajibu yule mama. "Halafu usiridhike na jibu lake peke yake. Unaiuliza na mifupa yake, na takataka zake, na maneno yake, na watu anaoishi nao."

Fundi alilibeba jibu hilo mpaka nyumbani bila kulimwaga, akampa mkewe, ambaye watu wote walimwita Mama Chiriku kwa ajili ya binti yao. Mama Chiriku alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kumbe ni umbea wenye mshahara," akasema. "Na mimi ninayeufanya bure siku zote hizi?"

Hakujisingizia. Hapakuwa na jambo mtaani lililompita yule mama. Alikuwa na masikio yaliyochomoza pembeni, ncha zake za juu zimesimama, na ndewe zimeshikana na shavu bila kuning'inia. Akitaniwa juu ya masikio hayo alisema kwamba Mungu hampi mtu kazi akamnyima vifaa. Hata picha zake chache zilizokuwemo ndani, katika zote amegeukia pembeni, kana kwamba nje ya picha kuna mtu anasema jambo na yeye hataki limpite.

Idara ilikuwa na walimu wanne, kila mmoja na tawi lake, na saa ya chai ilikuwa saa ya ubishi. Mwalimu Mifupa alishika tawi la mwili: binadamu kama kiumbe, alivyobadilika tangu zama ambazo hakuna wa kuzisimulia, goti lake linavyochakaa, meno yake yanavyosagika, na kwa nini watu wa juani na watu wa baridini hawafanani rangi na bado ni ndugu. Mwalimu Mashimo, kijana mnene mwenye udongo kwenye kucha, alikuwa mtu wa akiolojia. Yeye alichimba makazi ya waliotangulia, na jalala la zamani lilimfurahisha kuliko dhahabu. "Mtu hudanganya sebuleni," alipenda kusema, "hadanganyi jalalani."

Mwalimu Lugha alikuwa mtu wa kusikiliza. Alitaka kujua watu husema vipi wakiwa mbele ya mkwe, husema vipi wakimbembeleza mtoto, na hunyamaza kwa ajili gani. Wa nne, Mwalimu Desturi, alikwenda kuishi na watu majumbani mwao, akila wanachokula na kuosha vyombo, mpaka wakasahau kwamba ni mgeni. Yeye alisema kila nyumba hudhani inavyoishi ndivyo dunia inavyoishi, na dawa yake ni kukaa nyumba ya pili muda mrefu hadi ile ya kwanza uione ya ajabu.

Kila mmoja wao aliamini kwamba lake ndilo shina na yale mengine matatu ni majani. Fundi alikunywa chai yake kimya, na jioni akaupeleka ubishi wote kwa Mama Chiriku, ambaye aliamua kesi. Mara nyingi alimpa ushindi Mwalimu Desturi. "Huyo angalau anaosha vyombo," alisema.

Kisha Mama Chiriku akaugua, na hakukawia.

Nyumba ikabaki na watu wawili wasiojua wazungumze nini. Binti yao alipewa jina la Chiriku utotoni kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, na alipokua akaajiriwa katika duka la dawa, wateja walikuwa wakiondoka na dawa yao na habari tatu juu. Tangu siku ya mazishi alisema maneno ya lazima tu. Chumvi iko wapi. Mlango umefungwa. Habari za kazi, nzuri. Alirithi umbea wa mama yake, na sasa hakuwa na wa kumpelekea. Baba yake alijaribu kuuliza habari za mtaani, lakini hakuwa na kipaji. Aliuliza kama askari.

Naye Fundi alikuwa na hofu yake, na hofu hiyo hakumwambia mtu. Alikuwa anausahau uso wa mkewe. Akifumba macho aliona kitambaa, aliona vidole vikichambua mchele, lakini uso wenyewe ulikuwa kama kioo chenye mvuke. Akienda kwenye zile picha alikuta shavu na sikio. Uso wa mbele, ule uliokuwa ukimtazama mezani kila siku, haukuwepo popote ila kichwani mwake, na humo ulikuwa ukifutika. Alimlilia mkewe mara ya kwanza kwa kufa kwake, na sasa alimlilia kwa hilo.

Mambo yalikuwa hivyo pale watu waliokuwa wakichimba msingi wa tangi la maji, pembezoni mwa mji, walipokuta mifupa. Aliitwa Mwalimu Mashimo, akakaa juani na brashi yake mpaka mgongo ukababuka. Pembeni ya mifupa alikuta jiwe la kusagia na magamba ya konokono yaliyotobolewa ili yavaliwe shingoni. Mwalimu Mifupa akaipokea mifupa mezani kwake. Akasema ni mwanamke wa makamo, wa zama za kabla mji huu haujaota. Mkono wake wa kulia ulinenepa mfupa kwa kusaga, na jino moja lilimtesa muda mrefu kabla hajafa. Mwalimu Lugha alisema jambo ambalo Fundi hakulisahau: kwamba wanafunzi wakimwita "mabaki" wanapiga kelele mezani, na wakimwita "bibi" wanapunguza sauti. Tangu hapo akawa Bibi.

Mji ulikuwa unafungua jumba dogo la historia yake. Ikakubaliwa kwamba mifupa irudi udongoni ikishachunguzwa, na watu waonyeshwe uso tu. Uso huo Fundi ndiye wa kuufinyanga.

Kabla hajaanza, Mwalimu Mifupa alimfungulia kabati la pembeni. Humo mlikuwa na vichwa vya zamani, vilivyotengenezwa na watu waliokwisha kustaafu na kufa. Vilikuwa na sura za kutisha, nyusi zimekunjwa, midomo imeachama.

"Waliotutangulia katika elimu hii," akasema, "walipima vichwa vya watu ili wajue nani wa kudharauliwa. Jibu lilikuwa mfukoni kabla rula haijatoka. Hivi vichwa vinanitia aibu, lakini nimekataa kuvitupa. Tafadhali, Fundi, usije na jibu mfukoni."

Fundi alipangusa mikono, akaahidi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unatoa nakala ya fuvu kwa plasta. Unabandika vijiti vifupi kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye kidevu, kila kimoja kikionyesha unene wa nyama mahali hapo. Kisha unajaza udongo, msuli juu ya msuli, mpaka vijiti vimezwe. Mwanzoni Fundi alivifuata kama mtoto wa darasa la kwanza anavyofuata mistari ya daftari. Lakini vijiti vina mwisho wake. Kuna mahali mfupa unakoma na mkono unabaki peke yake: ncha ya pua, ukingo wa mdomo, kope. Hapo ndipo alipoanza kufanya kazi kwa raha. Alichelewa kutoka, aliwahi kuingia. Siku moja alijisikia akiimba chini kwa chini, akashangaa, kwa sababu hakuwa ameimba tangu msiba.

Walimu wakaja kumwona Bibi. Mwalimu Mashimo alimzunguka akitabasamu. Mwalimu Desturi akasema anahisi kama amewahi kula kwake. Mwalimu Lugha akasema, "Bado kidogo atusemeshe." Mwalimu Mifupa alitazama mashavu na paji, akaona vijiti vimefuatwa, akaafiki. Siku ya ufunguzi ilikuwa karibu na kila mtu alikuwa na haraka. Fundi akavimba kichwa, na nani angemnyima?

Keshoye alisahau miwani nyumbani. Chiriku akapita nayo akielekea kazini. Hakuwahi kupenda chumba kile, na siku zote aliishia mlangoni. Safari hii aliingia, akaiweka miwani mezani, na macho yake yakaenda dirishani, pale Bibi alipokuwa amewekwa apate mwanga.

Akamsogelea.

"Baba," akasema. "Umemweka mama."

"Nani? Huyu bibi alikufa kabla mji huu haujapata jina."

"Hiyo ni pua ya mama. Na hapa mdomoni, pale anapotaka kucheka anajizuia."

Fundi akavaa miwani. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akatazama. Ilikuwa kweli. Mkewe alikuwa amekaa dirishani, amemkabili, mzima, kama alivyokuwa akikaa mezani. Mikono yake ilikuwa imekumbuka kitu ambacho kichwa kilikuwa kimekwisha kupoteza. Akakaa juu ya ndoo ya plasta.

"Nilikuwa nimeanza kumsahau," akasema Chiriku.

"Hata mimi."

Walikuwa hawajawahi kuambiana hilo. Chiriku akavuta kigoda, wakakaa wote wawili wakitazama, na machozi yakawatoka bila kelele. Kisha binti akaanza kusema, na baada ya miezi ya chumvi iko wapi, Fundi aliogopa hata kukohoa asije akamkatiza. Akakumbusha mama alivyomnasa mwenye nyumba katika uongo kwa kusikiliza kikohozi chake tu. Akakumbusha alivyokuwa akijifanya amelala ili wageni waseme ya moyoni. Walicheka. Mwisho Chiriku akainuka, akachukua mkoba wake.

"Mwache hivyo hivyo, baba. Walimu wameshampitisha. Nani atajua? Mimi nitakuwa nakuja kumwona."

"Huyu ni mtu wa watu, mama," akasema Fundi. Alizoea kumwita binti yake hivyo anapombembeleza.

"Watu wake wako wapi?"

Chiriku akaondoka, na mlangoni akageuka mara moja, lakini hakumtazama baba yake.

Siku nzima Fundi hakugusa udongo. Alitaka sana kumwacha. Nasema wazi, alitaka kama mwenye njaa anavyotaka chakula, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Lakini kila alipojisemea kwamba Bibi hana watu, jicho lilimwangukia lile jiwe la kusagia lililokuwa rafuni. Mkono ulionenepa mfupa kwa kusaga haukumsagia mtu mmoja. Alikuwepo mtoto aliyeijua njia yake ya kuzuia kicheko, naye pengine alikaa hivi hivi akiogopa kuisahau. Ukimvika Bibi sura ya mwingine, yule mtoto atakuwa ameporwa, hata kama hayupo wa kulalamika. Na tena, Mama Chiriku mwenyewe angesemaje? Mwanamke ambaye hakukubali kuongezewa hata mwaka mmoja, sembuse kusimamishwa hadharani akaambiwa ameishi kabla ya mji.

Asubuhi akaenda kwa Mwalimu Mifupa, akamweleza yote bila kuzunguka.

Yule mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi ndiye niliyekagua, na sikuona," akasema. "Niliona mtu wa kupendeza nikaridhika. Kumbe hata mfuko wa upendo una jibu ndani yake. Twende."

Wakaenda pamoja. Mwalimu akalileta fuvu na bikari yake ya kupimia, akamwonyesha: tundu la pua ni pana, kwa hiyo pua ya Bibi ilikuwa pana kuliko hii, na ncha yake iliinama. Meno ya mbele yalitoka kidogo, kwa hiyo midomo ilijaa. Na lile jino bovu lilimfanya atafune upande mmoja miaka mingi, hata taya likalemea huko. Akamwuliza kama anataka kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine. Fundi akakataa. Akachukua kisu cha udongo, akaanza na pua.

Uchungu wake sina haja ya kuupamba. Alimzika mkewe kwa mara ya pili, na mara hii kwa mkono wake. Mdomo aliuacha wa mwisho. Alipomaliza, dirishani alikaa mwanamke asiyemjua, mwenye pua pana na taya lililolemea upande mmoja, akimtazama kama mtu anayesubiri atambulishwe.

Mwalimu Mifupa akazunguka na bikari, akipima na kutikisa kichwa kwa kukubali. Akafika pembeni, akasimama.

"Masikio haya?"

"Ni yake," akasema Fundi. "Ya mke wangu. Nitayatoa."

"Utaweka yapi?"

Fundi akamtazama.

"Sikio ni gegedu na nyama, linaoza lote," akasema yule mama. "Mfupa hausemi neno la maana juu yake. Masikio siku zote tunaazima. Kile kichwa cha mzee kilichomo kabatini, fundi wake alikipa masikio yake mwenyewe, ndiyo maana ni mapana kama makawa ya kufunikia chakula. Mimi nitaandika kwenye kibao kwamba masikio, ngozi na macho ni makisio yetu, watu wajue." Akaiweka bikari mezani, akawa anapanga vitu vilivyokwisha kupangika. "Haya umeshayaweka. Yaache."

Jioni hiyo Fundi alimwambia binti yake kwamba amerekebisha uso. Chiriku alisikia, akasema sawa, akaingia chumbani. Habari ya masikio hakumpa nafasi ya kuifikia. Wakarudi kwenye chumvi na mlango.

Siku ya ufunguzi alisema haji. Fundi akavaa shati la pasi, akaenda peke yake, akasimama karibu na Bibi kama baba wa bibi harusi. Bibi aliwekwa juu ya meza ya mbao, kichwa kitupu kwa sababu Mwalimu Desturi alikataa kumzulia msuko, na mbele yake ikafungwa kamba nyekundu ya kuzuia watu wasiguse. Watoto wa shule walimzunguka wakauliza kama alikuwa na simu.

Mchana, watu walipopungua, Chiriku akaingia na koti jeupe la duka la dawa. Akaja mpaka kwenye kamba. Akatazama.

"Simjui huyu," akasema.

"Hata mimi simjui sana. Ndiyo kwanza tunazoeana." Fundi akamwonyesha taya. "Jino lilimsumbua. Alikuwa anatafuna upande huu."

Chiriku akatikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya dukani mgonjwa akieleza shida yake. "Pole yake," akasema, na alimaanisha. Nyuma yao familia moja ilikuwa inataka kupita, akasogea kando kuwapisha, akazunguka meza mpaka ubavuni mwa Bibi. Hapo akasimama.

Fundi alimwona binti yake akilitazama lile sikio: ncha iliyosimama, ndewe iliyoshikana na shavu. Alimwona akitazama mlangoni, kisha kibao, kisha sikio tena. Halafu Chiriku akainama juu ya kamba, mkono umeshika mkoba usianguke, akapeleka mdomo karibu.

"Mama," akanong'ona, "yule wa mlango wa pili amehama, na hakuaga mtu. Ngoja nikwambie alivyoondoka."

Mlinzi wa jumba aliona mtu amepitisha kichwa juu ya kamba, akaanza kuja. Fundi akamwahi katikati ya njia, akamshika bega, akamwelekeza juu.

"Samahani, ndugu yangu," akasema, "hii dari nani aliwafungia? Hebu litazame lile ua. Limepinda."

Mlinzi akatazama juu. Fundi naye akatazama juu, na shingo ikamuuma kama zamani, lakini hakuishusha. Nyuma yake sauti ya binti yake iliendelea, chini chini, bila kupumzika, maana habari zilikuwa za miezi mingi.